Gharama ya Sindano Safi: Nani Hulipa, Nani Huokoa

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza. Kinaeleza kwa nini halmashauri hutumia fedha za umma kuwapatia watu wanaojidunga dawa za kulevya sindano safi, methadoni, na dawa ya kumrejeshea pumzi aliyezidisha kipimo. Fedha hizo hutoka wapi, huleta faida gani, na nini hutokea pale zinapokatwa.

Swali la gharama si la aibu. Huulizwa kwa sauti ya chini baada ya sala, kwenye shughuli za harusi, na katika foleni ya duka la dawa. Familia inayosubiri nyumba kwa miaka, na kulipa kodi ya halmashauri kila mwezi bila kukosa, inamwona kijana aliyedhoofu akikabidhiwa mfuko wa sindano bila kutoa hata peni moja. Familia hiyo ina haki ya kuuliza, na ina haki ya kupewa jibu lenye hesabu ndani yake.

Kinacholipiwa ni nini hasa

Huduma hizi kwa pamoja huitwa huduma za kupunguza madhara. Lengo lake ni kwamba mtu ambaye bado hajaweza kuacha dawa za kulevya asife, asiambukizwe na asiambukize wengine katika kipindi ambacho anaendelea kuzitumia. Wengi wanaoacha baadaye huanzia hapo, kwa sababu dirisha la kugawia sindano mara nyingi ndiyo sehemu pekee ambapo mtu wa namna hiyo hukutana na mhudumu wa afya bila hofu.

Sindano yenyewe ni kitu cha bei ndogo sana, peni chache tu. Kinachogharimu zaidi ni watu: mfanyakazi anayeigawa, muuguzi anayetazama vidonda na majipu, mfamasia anayelipwa ada kidogo kwa kila mfuko, na wanaokusanya masanduku ya sindano zilizotumika ili zikateketezwe. Methadoni nayo ni dawa ya zamani isiyo ghali. Gharama yake kubwa iko katika miadi ya matibabu na, kwa anayeanza, katika kuinywa kila siku mbele ya mfamasia. Makisio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa mpango wa sindano hugharimu kati ya dola 23 na dola 71 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima.

Je, fedha hiyo inatumika vizuri? Nchini Uingereza kuna kipimo cha kujibu swali hilo. Taasisi ya NICE, inayoishauri huduma ya afya ya NHS, kwa miaka mingi ilikuwa ikiona kuwa tiba inastahili kulipiwa iwapo mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili unapatikana kwa gharama isiyozidi pauni 20,000 hadi 30,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulizipima kwa kipimo hicho huduma za sindano za miji mitatu: Bristol, Dundee na Walsall. Huko Walsall mwaka huo mmoja wa afya ulipatikana kwa pauni 596. Huko Bristol na Dundee huduma ziliokoa fedha nyingi kuliko zilizotumika, maana yake ni kwamba kuzifunga kungegharimu zaidi ya kuziendesha. Dawa nyingi za saratani, ambazo hakuna anayehoji kulipiwa kwake, hazina hesabu nzuri kiasi hicho.

Mji ulioficha sindano

Uingereza haikufika hapa kwa huruma peke yake. Ilifika kwa kuchomeka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 heroini ya bei nafuu iliingia kwa wingi katika mji wa Edinburgh. Ilionekana kuwa njia ya kuizuia ni kufanya sindano ziwe adimu. Mauzo ya sindano yalibanwa, na polisi waliwanyang'anya waliokutwa nazo. Heroini iliendelea kuuzwa. Kilichopungua ni sindano, hata sindano moja ikawa inazunguka chumba kizima, kutoka mkono hadi mkono. Damu iliyohifadhiwa katika zahanati moja ya mji huo ilipopimwa, takriban nusu ya wagonjwa wanaojidunga walikutwa na VVU. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1986. Katika mji wa Glasgow, mwendo wa saa moja hivi kwa treni, ambako heroini ilikuwa tele vilevile lakini sindano hazikuwa adimu kiasi hicho, kiwango cha maambukizi kilikuwa cha chini mno.

Serikali ya wakati huo ilikuwa ya Margaret Thatcher, na hakuna aliyepata kuishutumu kwa ulegevu. Hata hivyo, mwaka 1987 ndiyo iliyoruhusu vituo vya majaribio vya kubadilishana sindano huko England na Scotland, na mwaka uliofuata baraza la washauri wake likatamka kuwa kuenea kwa VVU ni hatari kubwa zaidi kwa taifa kuliko matumizi yenyewe ya dawa za kulevya. Leo, takriban mtu mmoja tu kati ya mia moja wanaojidunga nchini ndiye anayeishi na VVU.

Ili kuona thamani ya tofauti hiyo, inafaa kujua gharama ya maambukizi mamoja. Makisio ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kumtibu nchini Uingereza mtu mmoja mwenye VVU, tangu anapogunduliwa hadi mwisho wa maisha yake, hugharimu takriban pauni 360,000. Baadhi ya dawa zimeshuka bei tangu wakati huo, lakini tiba bado ni ya maisha yote. Kwa makisio hayo, maambukizi kumi yaliyozuiwa ni zaidi ya pauni milioni tatu na nusu. Wahenga walikwisha kulinganisha bei ya kuziba ufa na bei ya kujenga ukuta. Wahasibu wa afya wameongeza tarakimu tu.

Nchini Australia hesabu ilifanywa kwa nchi nzima. Kati ya mwaka 2000 na 2009 serikali zake zilitumia dola milioni 243 za nchi hiyo kwa ajili ya sindano safi. Watafiti walikadiria kuwa fedha hizo zilizuia maambukizi mapya 32,050 ya VVU na 96,667 ya homa ya ini aina ya C, na kwamba kila dola iliyotumika ilirudisha zaidi ya dola nne kwa gharama za matibabu ambazo hazikuhitajika tena.

Upande wa pili wa hesabu ulionekana Marekani. Katika kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, yenye wakazi wapatao 24,000, kwa kawaida waliogunduliwa na VVU hawakufika watano kwa mwaka. Sheria ya jimbo haikuruhusu kugawa sindano. Mwaka 2015, watu walipokuwa wakijidunga kwa sindano za kushirikiana, zaidi ya watu 180 waligunduliwa kuwa wameambukizwa. Gavana Mike Pence, ambaye alikuwa hapendezwi na mipango ya aina hiyo, alitangaza hali ya dharura na kuiruhusu. Sindano zilifika, lakini zilifika baada ya virusi.

Kuponya na kuambukizwa tena

Homa ya ini aina ya C inastahili maneno yake, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi zinapoweza kupotea bila kelele. Ugonjwa huu huenezwa kwa damu na huharibu ini polepole kwa miaka mingi. Leo unapona: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Mojawapo ya tiba hizi ilipoanza kutumika nchini, bei yake iliyotangazwa ilikuwa karibu pauni 39,000 kwa matibabu ya wiki 12. NHS baadaye ilipatana na watengenezaji kwa bei nafuu zaidi.

Kupona huko hakuleti kinga. Aliyetibiwa leo anaweza kuambukizwa tena kesho kwa sindano ya kuazima, na tiba ikalazimika kununuliwa upya. Kulipia vidonge huku sindano zikibaniwa ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi na kuliacha tundu wazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa methadoni au dawa inayofanana nayo hupunguza uwezekano wa kuambukizwa virusi hivi kwa nusu. Ikiambatana na sindano safi za kutosha, uwezekano hupungua kwa takriban robo tatu.

Neno "za kutosha" lisipitwe haraka. Mtu anayejidunga mara tatu kwa siku akipewa sindano kumi kwa wiki, atazirudia au ataazima. Ndiyo sababu mwongozo wa kitaifa unataka kila mdungo uwe na sindano yake, na ndiyo sababu mfuko anaoondoka nao mtu hudhaniwa na anayeutazama kuwa ni mkubwa kupita kiasi. Huduma ya nusu kipimo hutumia fedha bila kuleta faida iliyokusudiwa.

Mfuko unaolipa na mfuko unaookoa

Iwapo hesabu ni nzuri hivi, kwa nini huduma hizi hupunguzwa mara kwa mara? Jibu limo katika namna serikali inavyogawa fedha zake.

Tangu Aprili 2013, huduma za dawa za kulevya nchini England hulipiwa na halmashauri kutoka katika ruzuku ya afya ya umma. Akiba inayopatikana haiingii katika halmashauri. Mtu asipolazwa kwa wiki nne hadi sita akidungwa dawa za kuua vijidudu kwa sababu ya maambukizi ya vali za moyo, anayeokoa ni hospitali. Asipoiba ili kununua dawa, wanaookoa ni polisi, mahakama na magereza, na mwenye duka ambaye kioo chake hakikuvunjwa. Tena akiba hiyo huonekana baada ya miaka, ilhali bajeti hufungwa kila Machi. Thamani halisi ya ruzuku yenyewe imepungua tangu mwaka 2015. Diwani anayetakiwa kubana matumizi kabla ya Machi anaweza kufunga kituo na kuonyesha kwenye karatasi kuwa ameokoa fedha, na kwa mwaka huo huo mmoja atakuwa amesema kweli.

Tathmini iliyofanywa na Profesa Dame Carol Black kwa ombi la serikali ilikadiria kuwa dawa haramu zinaigharimu England karibu pauni bilioni 20 kwa mwaka, na kwamba kila pauni moja inayotumika katika tiba huokoa pauni nne za huduma nyingine za umma. Kufuatia tathmini hiyo, serikali ilitangaza nyongeza ya fedha mwezi Desemba 2021.

Si kila huduma ina hesabu iliyokwisha kufungwa. Mwezi Januari 2025, Glasgow ilifungua kituo cha kwanza nchini kilichoidhinishwa ambamo watu hujidunga dawa walizokuja nazo chini ya uangalizi wa wauguzi. Gharama yake, takriban pauni milioni 2.3 kwa mwaka, ni kubwa kuliko ya kugawa sindano dukani, na bado kuna mjadala iwapo ndiyo njia bora ya kutumia kiasi hicho. Glasgow ilifikia hatua hiyo baada ya zaidi ya watu mia moja wanaojidunga kuambukizwa VVU kuanzia mwaka 2015, wengi wao wakiwa hawana makazi. Sindano zilikuwapo mjini. Asiye na mahali pa kulala si rahisi kuzifikia kwa wakati.

Wapo wanaohofia kwamba kugawa sindano huwavuta vijana waanze kujidunga. Hofu hiyo imechunguzwa kwa zaidi ya miaka thelathini katika nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani, lilipoupitia ushahidi huo mwaka 2004, halikuona dalili kuwa hilo hutokea. Wapo pia wanaoona kwamba mambo haya ni ya Kizungu. Kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 2011. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014 na Zanzibar mwaka 2015. Malaysia ilianza methadoni mwaka 2005 na sindano mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2005, mkuu wa mahakama za Iran, Ayatollah Mahmoud Hashemi Shahroudi, aliwaandikia waraka majaji akiwataka wasiwazuie wahudumu wanaogawa sindano na methadoni. Iran ilikuwa imekwisha kuona VVU vikienea ndani ya magereza yake.

Gharama inayolipwa nyumbani

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa na halmashauri. Ni dhahabu ya mama iliyotoweka kabatini, deni la muuzaji lililolipwa usiku ili kijana asipigwe, fedha za kutuma kwa bibi zilizokwenda kwingine, na binti aliyeacha masomo ili abaki nyumbani kumlinda kaka yake. Familia nyingi hulipa haya yote kimya kimya, na huyalipa kwa muda mrefu zaidi kwa sababu ya ukimya huo.

Chukua mfano wa mama anayekuta mfuko wa sindano safi ndani ya koti la mwanawe. Hasira na huzuni vinamshika pamoja; anaufunga ndani ya mfuko mweusi na kuutupa kwenye jaa. Usiku ule mwanawe hatatafuta ushauri wa kuacha. Atatafuta sindano, na iliyo karibu ni ya mwenzake. Mfuko ule haukuwa chanzo cha ugonjwa wake. Ulikuwa ushahidi kwamba amekwisha kuonana na mtu anayeweza kumsaidia, na pengine kwamba bado anajijali kiasi cha kutembea hadi dukani.

Baadhi ya familia hukusanya nauli na kumpeleka kijana Afrika Mashariki, kwa jamaa au katika nyumba ya upataji nafuu. Wapo wanaopona huko. Lakini mtu anayekaa miezi mitatu bila heroini, mwili wake husahau uvumilivu wake. Akirudi na kutumia kipimo alichokizoea zamani, kinaweza kumuua mara ya kwanza. Hatari hiyo hiyo humkabili anayetoka gerezani, hasa katika wiki mbili za mwanzo, na anayekatiza methadoni ghafla, hasa katika wiki nne za mwanzo. Mwaka 2023, England na Wales ziliandikisha vifo 5,448 vya sumu ya dawa, na karibu nusu vilihusisha heroini au dawa za jamii yake.

Kwa hiyo, kabla ya safari, mgonjwa anapaswa kuzungumza na kituo chake mapema, apate barua na mpango wa dawa kwa siku zote za safari. Methadoni hudhibitiwa vikali katika nchi nyingi. Anayepitia nchi za Ghuba bila kibali cha nchi husika anaweza kukamatwa, hata kama dawa hiyo aliandikiwa na daktari. Vivyo hivyo kwa mwezi wa Ramadhani: anayekusudia kufunga asiache dozi kwa siri. Awaeleze mfamasia na kituo wiki kadhaa kabla, ili wapange pamoja saa ya kunywa dawa.

Familia inaweza kuwa na nini nyumbani

Naloksoni ni dawa ya kupuliza puani au ya sindano ya msulini inayoweza kumrejeshea pumzi aliyezidisha heroini. Tangu mwaka 2015 vituo vya dawa za kulevya huruhusiwa kuitoa bila cheti cha daktari, na katika maeneo mengi hupewa pia wazazi, wake, waume na ndugu, pamoja na mafunzo mafupi ya kuitumia. Gharama ya pakiti moja ni ndogo sana ikilinganishwa na usiku mmoja katika wodi ya wagonjwa mahututi. Aliyezidisha kipimo haamki anapoitwa, hupumua polepole sana au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, na midomo yake hubadilika rangi. Piga 999 kwanza, kisha mpe naloksoni. Nguvu ya naloksoni huweza kwisha kabla ya heroini kutoka mwilini, kwa hiyo asiachwe peke yake hata akiamka.

Sindano safi hutolewa bure katika maduka ya dawa yaliyo katika mpango huu na katika vituo vya dawa za kulevya. Kwa kawaida huulizwa herufi za mwanzo za jina na tarehe ya kuzaliwa tu. Matibabu ya VVU na ya homa ya ini aina ya C katika NHS ni bure kwa kila mtu, hata kwa ambaye hali yake ya uhamiaji haijakamilika.

Mtoto akiona sindano iliyotupwa, asiiguse. Halmashauri ijulishwe ije kuiondoa. Akichomwa, jeraha liwekwe chini ya maji yanayotiririka na damu iachwe itoke, lioshwe kwa sabuni bila kusugua wala kunyonywa, kisha apelekwe haraka idara ya dharura ya hospitali.

Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bila malipo katika miadi ya NHS na ya kituo. Aombwe wakati wa kupanga miadi, na mtoto wa nyumbani asifanywe mkalimani katika mazungumzo haya. Mzazi anaweza kwenda kituoni peke yake kuuliza na kupewa ushauri, hata kama mwanawe hajakubali kwenda.